Mbabe na Manga za Mapenzi: Namna ya Kuzisoma Mpaka Zikukolee

Miongoni mwa wasomaji waaminifu wa manga za mapenzi, yaani hadithi za katuni za Kijapani, wamo watu ambao ukiwatazama usoni usingewadhania hata kidogo. Hawachekicheki, hawasimulii ya moyoni, wakiingia mahali watu wanapunguza sauti. Wengine huona ajabu. Anayezijua hadithi zenyewe haoni ajabu yoyote, kwa sababu manga nzuri ya mapenzi haihusu watu wanaoambiana "nakupenda" kila ukurasa. Inahusu watu wawili ambao neno limewakwama kooni, na kurasa 180 za kuona litatokaje. Mtu aliyezoea kufunga mambo yake kifuani anaijua hali hiyo kuliko msemaji hodari, na akionyeshwa mkono uliosita kwenye kitasa cha mlango anaelewa mara moja.

Kinachowashinda wengi si moyo mgumu. Wanaanza na hadithi isiyowafaa, wanaisoma mbio, au wanazifuata kurasa kwa mpangilio usio wake. Yote matatu yanarekebishika.

Kwa nini mkavu hunaswa

Chukua ukurasa wowote mzuri wa aina hii. Uso wa mhusika umekaza, hauonyeshi kitu. Pembeni, nje ya kiputo cha maneno, yanaelea maneno anayojiambia mwenyewe: "Usinitazame sasa. Nitashindwa kusema." Macho yako yanayapata yote mawili kwa pamoja, uso uliofungwa na kifua kinachotetemeka. Filamu ikitaka kufanya hivyo hulazimika kumwekea mtu sauti ya pembeni, na tukio linapoa. Kwenye karatasi hakuna kinachopoa. Msomaji ambaye maisha yake yote watu wamemsoma kwa sura ya nje tu, hapa anakuta mtu aliyechorwa kwa ndani na nje.

Halafu mchoro haudai jibu. Hakuna anayekukodolea macho kuona kama umeguswa, wala anayeuliza "mbona umenyamaza?" Unaweza kusimama kwenye kisanduku kimoja cha picha dakika nzima, ukarudi nyuma kurasa tatu, ukafunga kitabu. Kwa mtu ambaye kuonyesha hisia mbele za watu ni mzigo, uhuru huo ni mkubwa kuliko unavyosikika.

Na watu wa kuogofya wamejaa humo ndani. Katika Ore Monogatari!!, iliyoandikwa na Kawahara Kazune na kuchorwa na Aruko, mhusika mkuu Takeo ni kijana wa sekondari mwenye mwili wa jitu na sura nzito. Wavulana wenzake wanamheshimu, wasichana wanamkwepa. Anapopendwa kweli haamini, anadhani anayependwa ni rafiki yake mtanashati. Otomen ya Kanno Aya inakwenda mbali zaidi: nahodha wa timu ya kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi, mpiganaji anayeheshimiwa na shule nzima, anaficha kwamba anapenda kushona, kupika vitu vitamu na kusoma manga za wasichana. Hadithi hiyo ilichapishwa Japani kuanzia 2006 hadi 2012, ikafika juzuu 18. Jambo tunaloliongelea hapa Wajapani walishalifanya kuwa hadithi nzima.

Ondoa pia dhana kwamba mapenzi ni mali ya wasichana peke yao. Nchini Japani manga hupangwa kwa kufuata wasomaji wa jarida inamotoka. Shojo ni ya wasichana, shonen ya wavulana, seinen ya wanaume wazima, josei ya wanawake wazima. Mapenzi yamo kwenye makundi yote manne. Maison Ikkoku ya Takahashi Rumiko, hadithi ya kijana aliyefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu na mjane anayesimamia nyumba aliyopanga, ilitoka kati ya 1980 na 1987 katika Big Comic Spirits, jarida la wanaume watu wazima. 

Kuchagua ya kwanza

Kabla ya kutazama jalada, tazama urefu. Ya kwanza isizidi juzuu 15, na iwe imekwisha kuchapishwa. Manga isiyokwisha inaweza kusimama miaka kwa sababu ya afya ya mchoraji au jarida kufungwa, na msomaji mgeni akiachwa njiani harudi tena. Ore Monogatari!! ina juzuu 13, Maison Ikkoku ina 15. Kimi ni Todoke ya Shiina Karuho, kuhusu msichana mpole ambaye darasa zima linamwogopa kwa sababu ya nywele na macho yake, ni nzuri mno lakini ina juzuu 30. Iweke iwe ya pili au ya tatu. Anayenyanyua vyuma anajua kwamba uzito hauongezwi wote siku moja.

Cha pili ni mtazamo: tunaona kwa macho ya nani? Hadithi nyingi za shojo zinasimuliwa kutoka ndani ya msichana, na mvulana anabaki fumbo. Hizo zinampendeza sana msomaji mwenye subira, kwa sababu anafundishwa kuona jinsi mtu mkimya anavyosomwa na anayempenda. Kama unahitaji mlango wa karibu zaidi, anza na ile inayosimuliwa na mwanamume, ndiyo maana tumeitaja ya Takeo mapema.

Cha tatu, umri. Shojo nyingi zinahusu wanafunzi wa sekondari ya juu, miaka 15 hadi 18, na mambo huishia kwenye mikono na busu. Josei huhusu watu wa kazi na ndoa, na baadhi zina maudhui ya watu wazima. Soma alama ya umri nyuma ya jalada, hasa kama kitabu kitakaa nyumbani penye watoto. Mtu mzima aliyechoshwa na habari za shule asijilazimishe. Josei na seinen zina kodi ya nyumba, talaka, wazazi wagonjwa na mapenzi yanayoanza katikati ya hayo yote.

Tafsiri nyingi ziko kwa Kiingereza na Kifaransa. Kama huna uhakika utapenda, jaribu sura za mwanzo kihalali kabla ya kununua: programu ya MANGA Plus ya kampuni ya Shueisha, iliyoanza Januari 2019, hufungua bure sura chache za mwanzo na za karibuni za hadithi zake. Usihukumu kwa sura moja. Soma tatu. Sura ya kwanza hutambulisha watu, ya pili huleta kikwazo, na ya tatu ndiyo humwonyesha mwandishi ana nini cha kusema.

Kuusoma ukurasa wenyewe

Kitabu hufunguliwa kwa upande ambao sisi tungeuita wa nyuma. Mgongo wa kitabu unakaa kulia kwako, unaanza kisanduku cha juu kulia, unakwenda kushoto, unashuka. Viputo ndani ya kisanduku kimoja vinafuata njia hiyohiyo. Ukikosea, jibu litatangulia swali, na hapo ndipo wengi husema "haieleweki".

Utata unakuja visanduku vinapokuwa vya ukubwa tofauti, kimoja kirefu na viwili vifupi kando yake. Tazama nafasi nyeupe kati yao. Wachoraji wengi huacha nafasi pana kati ya mstari wa juu na wa chini, na nafasi nyembamba kati ya visanduku vya mstari mmoja. Nafasi nyembamba inakuambia endelea kushoto, nafasi pana inakuambia mstari umekwisha, shuka. Mahali pasipo na mipaka kabisa, nyuso zikiwa zimepandana juu ya maua na anga, fuata viputo na maneno yanayoelea kuanzia juu kulia. Mpangilio huo wa kuvunja visanduku ulikuzwa sana miaka ya 1970 na wachoraji wanawake kama Hagio Moto, Takemiya Keiko na Oshima Yumiko. Ulikuwa na kazi maalumu: kisanduku kinapopasuka, mhusika ametoka kwenye tukio na kuingia ndani ya nafsi yake. Ukiona mipaka imepotea, punguza mwendo.

Kwenye simu, hakikisha programu imewekwa kusoma kutoka kulia. Ukifika kwenye picha iliyotanda kurasa mbili, laza simu. Mandhari ya kukiri mapenzi mara nyingi huchorwa kwa kurasa mbili zinazotazamana, na ukiiona nusu nusu umepoteza kile kilichojengwa kwa sura nzima.

Sauti ni tatu, zitenganishe. Maneno ndani ya kiputo yamesemwa na kusikika. Maneno yasiyo na kiputo, yaliyosimama peke yake kwenye nafasi tupu, ni ya moyoni. Hakuna mwingine anayeyasikia. Na maneno madogo ya mkono yaliyoandikwa pembeni ya kichwa au bega ni minong'ono ya upande, mara nyingi ya kuchekesha. Msomaji wa haraka huyaruka haya ya tatu kwa sababu ni madogo, na kumbe ndimo mhusika mkavu anamojisaliti.

Kisha ukimya. Kiputo chenye nukta tatu tu si upungufu wa maneno. Mtu ameulizwa, amelipata jibu, ameshindwa kulitoa. Kisanduku cha viatu viwili vimesimama mlangoni, cha mawingu, cha mkono ulioshika ukingo wa sare, ndicho sentensi yenyewe. Vipe sekunde mbili tatu kila kimoja. Juzuu la kurasa 180 linaweza kumalizwa kwa dakika 30 na mtu anayefukuza maneno, na likimalizwa hivyo halibaki na kitu. Kwa mwendo mzuri linachukua saa moja na zaidi. Kipimo kizuri ni sura moja au mbili kwa kikao. Katika majarida ya kila mwezi sura moja hufika kurasa 40 hivi, na iliandikwa isubiriwe mwezi mzima.

Sauti zilizochorwa nazo zina maana. Doki doki ni moyo unaodunda, kyun ni moyo unaobanwa ghafla na upendo, shiin ni kimya kizito, gyu ni kukumbatia au kukaza kitu mkononi. Tafsiri nyingine huziacha kwa Kijapani bila maelezo, kwa hiyo hizo nne zinatosha kuanzia.

Watu huchanganya wahusika, hasa kwa kuwa kurasa ni nyeusi na nyeupe. Usitegemee uso. Tazama nywele: zilizojazwa wino mweusi, zilizopakwa kijivu cha nukta, zilizoachwa nyeupe. Mchoraji habadilishi rangi hiyo. Andika majina matano ya mwanzo kwenye karatasi ya kuwekea alama, jina la ukoo na la kupewa, maana mtu mmoja ataitwa kwa yote mawili na watu tofauti.

Ngazi ya ukaribu

Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa ndipo asiyejua huona "hakuna kinachotokea".

Watu wa darasa moja huitana kwa jina la ukoo likifuatiwa na -san au -kun, viambishi vya heshima. Kuhamia jina la kupewa ni tukio. Kuliita jina hilo tupu, bila kitu nyuma yake, ni tukio kubwa zaidi, na mwandishi anaweza kulijenga kwa majuzuu mawili. Tafsiri zinazoondoa -san na -kun zinaondoa ngazi nzima. Ukiwa na hiari, chukua iliyozibakisha.

Kisha kuna kukiri, kokuhaku. Kwa desturi ya Kijapani wawili hawawi wapenzi kwa kuzoeana tu: mmoja anasema waziwazi kwamba anampenda mwenzake na kuomba wawe pamoja, mwingine anajibu. Kabla ya hapo hakuna uhusiano hata kama wanarudi nyumbani pamoja kila siku. Watu wasiopenda mafumbo huupenda sana utaratibu huu, maana mstari upo na unajua lini umevukwa. Usidhani pia kwamba kukiri ndiko mwisho. Katika hadithi ya Takeo kunatokea ndani ya juzuu la kwanza, na majuzuu 12 yanayobaki yanaonyesha kazi ya kupendana baada ya neno kusemwa.

Kalenda nayo inasimulia. Mwaka wa shule unaanza Aprili na kwisha Machi, kwa hiyo maua ya mcheri yakichorwa, kuna mtu anaingia au anaondoka. Kiangazi kina fataki na yukata, kimono jepesi la pamba. Msimu wa mapukutiko mara nyingi huleta tamasha la shule, ambapo darasa hufungua mgahawa au mchezo wa kuigiza, na watu wawili huachwa peke yao wakifanya kazi hadi jioni. Desemba 24 ni usiku wa wapenzi. Februari 14 wanawake ndio hutoa chokoleti, na ipo ya heshima tu kwa wenzako na ipo ya yule mmoja. Mhusika akihangaika jikoni, ni ya yule mmoja. Wanaume hujibu Machi 14. Siku ya kuhitimu, msichana anaweza kuomba kifungo cha pili cha koti la mvulana, kile kilicho karibu na moyo. Hata kubadilishana viti darasani kwa kura kuna uzito: ukiona mtu anatazama karatasi yake ya namba kwa kisanduku kizima, tafuta nani amekaa wapi.

Yanayoharibika

Sintofahamu zinazorefushwa ndiyo kasoro kubwa ya aina hii. Mtu anaona nusu ya tukio, anakimbia, sura nne zinapita bila yeyote kuuliza swali moja. Mara ya kwanza vumilia, maana mara nyingi inafichua woga wa kweli. Ikijirudia kwa mara ya tatu kwa namna ileile bila mhusika kubadilika, acha. Hujashindwa kusoma, mwandishi ameishiwa.

Zipo pia hadithi, hasa za zamani kidogo, zinazopamba ubabe: kumvuta mtu mkono, kumbusu bila ridhaa, mwalimu na mwanafunzi. Kabedon, yaani kupigiza kiganja ukutani kando ya kichwa cha mtu, ilivuma kiasi kwamba mwaka 2014 iliingia kwenye 10 bora za maneno ya mwaka Japani. Baadhi ya waandishi huitumia kwa mzaha, wengine kwa dhati. Kipimo chetu ni rahisi: tazama uso wa anayefanyiwa katika visanduku viwili vinavyofuata. Ukiona hofu na mwandishi anaiita mapenzi, kuna hadithi nyingi bora za kusoma.

Mambo madogo mawili. Majuzuu mengi ya shojo yana safu nyembamba pembeni ambamo mchoraji anazungumza na wasomaji kuhusu afya yake au paka wake. Nafasi hizo kwenye jarida zilikuwa za matangazo. Ziruke mara ya kwanza, zirudie baadaye, zisije zikakukatia tukio. Na mwishoni mwa juzuu huweza kuwekwa hadithi fupi isiyohusiana kabisa na kuu. Usitafute uhusiano, hakuna.

La siri: si lazima uitangaze, wala si lazima uifiche kama kosa. Maduka ya vitabu Japani humvalisha mnunuzi kitabu chake jalada la karatasi ili asome kwenye treni bila kuulizwa, na hakuna anayeona kwamba ni aibu. Ukitaka faragha, fanya hivyohivyo.

Ukimwazima mkavu mwenzako

Mpe juzuu la kwanza na la pili kwa pamoja. La kwanza hupanda tu, la pili huanza kuvuna, na mwenye kusita akipewa moja atalirudisha kabla ya mavuno. Mweleze upande wa kuanzia na ile kanuni ya nafasi nyembamba na nafasi pana, basi. Usimwambie "utalia". Ukimwambia hivyo atasoma akijilinda, na msomaji anayejilinda haoni kitu. Akirudisha, usimuulize amejisikiaje. Muulize ni mhusika gani anamkera. Atakutajia mmoja, ataeleza kwa nini, na katika kueleza kosa la huyo atasema angetaka wale wawili wafanye nini. Hapo mpe la tatu.